Mshipa Hutafutwa kwa Kidole, Si kwa Macho

Mdogo wangu mmoja aliye kwenye mafunzo kwa vitendo ameniandikia kwamba kila akishika sindano ya kutoa damu mikono inamtetemeka, na msimamizi wake amemwambia mbele ya mgonjwa kuwa hana mkono wa kazi hii. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, na yananiuma hadi leo. Sasa ndiye ninayeitwa wodini wengine wakishindwa, kwa hiyo nisikilize.

Wiki iliyopita niliitwa kwa bibi mmoja aliyekwisha kuchomwachomwa pasipo mafanikio. Wenzangu walikuwa wanatafuta mstari wa buluu. Mimi rangi sikuiangalia. Nilimnyoosha mkono, nikafunga mpira wa kubana mkono, upana wa vidole vinne juu ya kiwiko, nikapapasa kwenye kunjo kwa kidole cha shahada. Mshipa ukiubonyeza hubonyea na kurudi juu. Kano, inayounganisha msuli na mfupa, ni ngumu, na ateri, mshipa utoao damu moyoni, hudunda, hizo ziache. Nilipoupata nililegeza mpira, nikasafisha kwa spiriti, nikaacha pakauke. Hapo ndipo wengi huharibu: wanapapasa tena palipokwisha safishwa! Nikafunga upya, nikaivuta ngozi chini kwa gumba, mdomo wa sindano uliokatwa mshazari ukatazama juu, mwinuko usiozidi digrii 30. Damu ikaja. Bibi hakukunja hata uso.

Lakini damu kutoka si mwisho wa kazi. Mpira usizidi dakika 1 mkononi, na usimwambie mgonjwa akunje na kukunjua ngumi, maana madini ya potasiamu hupanda kwenye sampuli na daktari akatibu ugonjwa usiokuwepo. Chupa ya kifuniko cha zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, yenye potasiamu. Isitangulie ile ya kifuniko chekundu, wala usimimine damu yake kwenye chupa nyingine, maana potasiamu hiyo itadanganya kipimo. Igeuze taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise, seli zitapasuka.

Jina mgonjwa ajitaje mwenyewe, na lebo iandikwe palepale kitandani. Mwenye haraka asishike sindano. Sampuli yenye jina la mtu mwingine ni hatari kuliko kukosa mshipa, na hili nitalirudia kila nikipata nafasi.

Ukikosa mara mbili, mwite mwenzako. Mgonjwa si wa kufanyia mazoezi ya kiburi. Na huyo msimamizi usibishane naye. Kesho waombe wenzako mikono yao, fumba macho, papasa mishipa bila sindano yoyote, mwembamba kwa mnene, mpaka kidole kikuambie kabla ya jicho.