Nimemaliza Shamus bila kusevu, na wewe unaweza

Jamani, Jumamosi usiku nimemaliza gemu ya Shamus! Vyumba vyote mpaka maficho ya Kivuli, yule adui mkuu, sijasevu (yaani kuhifadhi nilipofika ili nikifa niendelee hapo) hata mara moja, mikono inatetemeka mpaka nikamwamsha mke wangu saa nane usiku aje aone skrini.

Kwa ambao hamjaigusa, hii ni gemu ya 1982, ilitoka kwenye kompyuta za Atari za nyumbani, aliyeitengeneza ni Cathryn Mataga, ikauzwa na Synapse Software. Wazo lilitoka kwa gemu nyingine, Berzerk ya 1980: uko chumbani, roboti zinakufyatulia, ukigusa ukuta umekufa. Ila Berzerk haina mwisho, unakimbia tu mpaka ufe. Shamus ina vyumba 128, hatua nne za vyumba 32, kuna funguo za rangi na kila ufunguo una tundu lake, kwa hiyo lazima ujue ulikopita. Kwangu mimi hapo ndipo ilipoipita Berzerk mbali.

Naicheza kwa emyuleta, programu inayoiga kompyuta ya zamani, kwenye laptop ambayo betri ilishakufa. Mwaka jana nilifika hatua ya mwisho, umeme ukakatika, kila kitu kikapotea. Shemeji yangu alikuwepo, akacheka sana, akasema si ungesevu kama watu wengine, au achana na vitu vya watoto. Iliniuma na mpaka leo inaniuma, maana nilikaa miezi nikijifunza, na Atari yenyewe enzi zile maisha yakikuishia umekufa, unarudi mwanzo, sasa kwa nini mimi nijipunguzie?

Kilichonisaidia ni daftari. Nilichukua daftari la hesabu la mwanangu, lile la viboksi, kila kiboksi chumba kimoja, naandika ufunguo wa bluu uko wapi, tundu lake liko wapi, mlango upi unatokea wapi. Chora ramani. Usiseme utakumbuka, hutakumbuka, chora.

La pili usikae chumbani. Ukichelewa Kivuli anakuja, na yule risasi haimuui, inamduwaza kidogo tu halafu anaendelea kukufuata. Mimi nilikufa mara nyingi sana kwa kutaka kumaliza roboti zote, kumbe hazina ulazima, unachotaka ni mlango. Ua zile zinazokuzibia njia, toka. Na ukuta usiuguse, kona ndizo zinaua kuliko roboti, pita katikati.

Na nyie vijana mnaosevu kila baada ya chumba kimoja, acheni. Mnafika mwisho hamjui hata mmepita wapi, ukiambiwa urudie huwezi, hiyo siyo kumaliza gemu ni kutembezwa. Chora ramani, kufa, anza upya, utashika tu.

Mwanangu nimemnunulia daftari jingine. Lile la ramani liko kabatini, kurasa nne zimejaa, na shemeji akija Idi namwekea mezani kabla hata ya chai.