Ukitaka kushuka mto wa milimani, anza na maji

Watu wakipanga kushuka mto wa milimani kwa kayaki au boti ya mpira, swali la kwanza huwa: ni wa daraja la ngapi? Si swali baya. Kipimo cha kimataifa cha ugumu wa mto huanzia daraja la 1, maji ya kupita huku mkipiga soga, hadi la 6, ambalo hata mabingwa wengi hulizunguka kwa miguu. Lakini mimi huanza kwa kuuliza maji yakoje wiki hii. Mto wa daraja la 3 ukifurika unaweza kuwa wa 4 au zaidi, na ukikauka mtashinda mkiiburuta boti juu ya mawe.

Basi tarehe ifuate mto, si likizo yenu. Mto wa theluji hujaa theluji inapoyeyuka, tena hupanda na kushuka ndani ya siku moja: jua la mchana huyeyusha huko juu, maji yakafika chini alasiri au jioni. Ndiyo maana napenda kuingia asubuhi. Mto wa mvua hauna ratiba. Mvua ya kilele msichokiona inatosha kuujaza huku nyinyi mmeketi juani. Kama juu kuna bwawa, ulizeni saa za kufungulia maji. Na mkiona maji yamegeuka kahawia ghafla na kuanza kubeba matawi, tokeni haraka, msingoje kukubaliana.

Vaeni kwa ajili ya maji, hata kama jua linawaka. Maji ya theluji hukata pumzi, na dakika chache baadaye vidole havishiki kamba. Suti ya mpira, kofia ngumu, jaketi la kuokolea lililobana mwilini. Nguo za pamba ziacheni garini.

Ninachokihofia zaidi mtoni ni mti ulioanguka kukatisha mkondo, kuliko wimbi lolote. Maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti. Kona msiyoiona mwisho wake, egesheni pembeni, mkaikague kwa miguu. Anayeona aibu kubeba kayaki yake nchi kavu, mimi sishuki naye.

Ukianguka majini, lala chali, miguu mbele na juu. Usijaribu kusimama penye mkondo wa kasi, hata maji yakiwa ya magotini: mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unakulaza kifudifudi na huinuki. Hili lifanyieni mazoezi penye maji tulivu, pamoja na kurusha kamba ya uokoaji.

Mahali pa kutokea pakagueni kabla ya kuingia, mweke na alama, kwa sababu ukiwa majini kingo zote hufanana. Na funguo za gari mliloliacha huko chini, mnakotokea, zisisahaulike kwenye gari la juu, mlikoingilia. Mnacheka, lakini hutokea.