Haibridi ya kuchaji: inategemea wachaji au huchaji

Kaka ulouliza kama haibridi ya kuchomeka stima (gari lenye injini ya petroli pamoja na betri unayoichaji) itakupunguzia mafuta hapa Malindi, itakupunguzia ukichaji kila usiku, la sivyo ni gari zito tu. Mitsubishi Outlander za kuchomeka zile za mwanzo betri ni kilowati-saa 12, Watamu utafika kwa stima tupu, kurudi labda uzime eisii na joto hili letu 😂. Ukienda Mombasa, kilomita kama 120, betri yaisha hata Kilifi hujaiona na kutoka hapo wachoma petroli huku umelibeba libetri kama gunia la nazi. Ulaya kwenyewe, takwimu za Tume ya Ulaya za 2024 zaonyesha hewa ya kaboni (CO2) ya haibridi hizi barabarani ni mara 3.5 ya ile ya vipimo vya maabara, wengi hawachaji vya kutosha. Kwako una pa kuchomeka?