Kabla ya kukopa, anza na ampuli

Dada, umeuliza kama hapa Bukavu unaweza kurudishiwa pesa ukinunua friji mpya, kama shemeji yako aliyeko Marekani. Kule kampuni nyingi za umeme hurudisha sehemu ya bei, nyingine hukukopesha ukalipa kidogo kidogo kwenye bili, maana kupunguza matumizi mara nyingi ni nafuu kuliko kujenga mtambo mpya. Hapa usilisubiri hilo, na tafadhali usikope kwa ajili ya friji sasa.

Anza na ampuli. Tano za zamani za wati 60, zikiwaka saa 5 kila siku, hula kilowati-saa 45 kwa mwezi. Za LED za wati 9, mwanga karibu uleule, hazifiki hata 7! Sisi huku Kadutu tulizinunua kwa likelemba, yaani kila mmoja anachanga na pesa zote anapewa mmoja kwa zamu. Zamu iliyofuata, jiko bora la makala. Riba hakuna, na mwenzenu akichelewa mnaongea naye.

Zamu ya friji ikifika, bana noti mlangoni. Ikichomoka kirahisi, mpira umechoka na baridi inatoka: iache hiyo, hata wakikupunguzia bei.