Swali la Lugha: Mayai ya kukaanga, kiini kisigande

Msomaji wetu wa Wete, Pemba, anauliza: “Kila ninapokwenda Unguja kwa shughuli zangu hula chai ya asubuhi hotelini. Mimi napenda yai lililokaangwa likiwa zima, ute umeshika na kiini bado laini, ili nichovye mkate. Nikiagiza ‘mayai ya kukaanga’ naletewa mayai yaliyopigwa pamoja na vitunguu na tungule, na nikisema nataka ‘yai bichi kidogo’ mhudumu hunitazama kwa mshangao. Je, Kiswahili hakina jina la yai ninalolitaka? Na je, ni sahihi kumwambia mhudumu ‘nikaange mayai’?”

Nianze na swali la mwisho, kwa kuwa jibu lake ni fupi na lina kichekesho ndani yake. Neno “nikaange” lina maana mbili, na hakuna hata moja kati yake ambayo mteja mwenye njaa anaikusudia. Ikiwa “ni-” ni kiambishi cha mtenda, maana yake ni “niruhusu mimi mwenyewe nikaange”, kama kwamba mteja anaomba aingie jikoni. Ikiwa “ni-” ni kiambishi cha mtendwa, basi anayetiwa katika mafuta ni mteja. Anayefanyiwa jambo hudai kauli ya kutendea, na kwa hiyo kitenzi kinachotakiwa ni “kaangia”: “nikaangie mayai mawili”, au kwa upole zaidi, “naomba unikaangie mayai mawili”. Hakuna anayekosea kusema “nipikie”, maana neno hilo tumelelewa nalo, lakini katika kukaanga na kuchemsha ulimi huteleza mara nyingi, na masikio ya wahudumu yamezoea kusamehe. Jambo la kuzingatia ni kwamba kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi kimoja tu cha mtendwa, na hapa nafasi hiyo imekwisha kuchukuliwa na mlaji. Mayai hayana budi kutajwa kwa jina lake baada ya kitenzi.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali, kwa maana zote mbili za neno hilo. Mhudumu anayekuletea mayai yenye vitunguu na tungule hakukosea lugha. Kitenzi “kukaanga” kinataja mafuta, chombo na moto. Hakitaji umbo la chakula, wala hakisemi mpishi aishie wapi. Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba yai linalokwenda kwenye kikaango hupigwa kwanza katika bakuli, likatiwa chumvi, vitunguu, pilipili na chochote kilichopo, na desturi hiyo ya nyumbani ndiyo inayojaza pale kitenzi kinaponyamaza. Ukisema “mayai ya kukaanga” tu, umeiachia desturi iagize kwa niaba yako.

Muundo wenyewe wa “ya kukaanga” unastahili kuangaliwa, maana kuna walimu wanaoukataa na kudai kwamba lazima isemwe “ya kukaangwa” au “yaliyokaangwa”, kwa hoja kwamba yai halikaangi bali hukaangwa. Hoja hiyo inaonekana kuwa na nguvu hadi mtu anapokumbuka mkate wa kumimina, mkate wa kusukuma na muhogo wa kuchoma. Mkate haumimini wala hausukumi, na muhogo haumchomi mtu, na bado hapajatokea mlaji aliyechanganyikiwa. Kitenzi-jina kinapofuata kihusishi cha “-a” hutaja namna ya utengenezaji bila kuuliza nani alitenda na nani alitendwa, na matumizi hayo yamekita mizizi kiasi kwamba kuyasahihisha ni kujipa kazi isiyohitajika. Isitoshe, “mayai ya kukaangwa” huelekea kumaanisha mayai yanayosubiri kukaangwa, yaani yale yaliyo bado katika trei. Na “naomba mayai yaliyokaangwa” ni ombi la hatari zaidi, kwa sababu kiambishi “-li-” kinasema kwamba kazi imekwisha, na mhudumu atakayekutii kwa sarufi kamili atakwenda kwenye kabati la vioo akuletee yale yaliyokaangwa tangu alfajiri.

Hata hivyo, jina la namna hii lina mpaka wake. Linataja aina, halitaji kiwango. Mkate wa kumimina unaweza kuwa umeiva vizuri au umeungua chini, na jina lake halibadiliki. Vivyo hivyo yai la kukaanga linaweza kuwa na kiini kinachotiririka au kiini kikavu kama chaki, na bado likaitwa yai la kukaanga. Ndiyo maana nashauri msomaji asitafute jina moja la kumaliza kazi yote. Wapo wanaoliita yai hilo “yai la jicho”, kwa jinsi kiini kinavyokaa katikati ya weupe, na ni jina zuri ambalo ningefurahi kuona linaenea. Lakini si kila mpishi analijua, na hata anayelijua haambiwi nalo kama kiini kigande au kisigande. Kiwango, katika Kiswahili, huelezwa kwa kitenzi, na kitenzi kinachofaa hapa kimo katika hali ya dhamiri tegemezi, ile ya kuomba au kuagiza, inayoishia na “-e” pale kitenzi kinapokuwa cha asili ya Kibantu: liive, kishike, kisigande, yasigeuzwe.

Kwa hiyo sema: “Naomba mayai mawili ya kukaanga, yasipigwe wala yasigeuzwe, ute ushike, kiini kisigande.” Sentensi hiyo ina maneno kumi na mawili, na kila moja lina kazi. “Yasipigwe” linaondoa bakuli na vitunguu. “Yasigeuzwe” linazuia upande wa juu usiguse chuma. Sehemu mbili za mwisho zinagawa yai katika viungo vyake, na ni mgawanyo unaokubaliana na maumbile, kwani ute huanza kuganda katika joto la nyuzi 62 hivi za Selsiasi, na kiini huchelewa kidogo, kikaanza kushika kwenye nyuzi 65 hivi na kuwa kimeganda kinapofikia 70. Katika kikaango, tena, ute ndio uliolalia chuma na kiini kimekaa juu yake. Mpishi anayeambiwa habari za ute na kiini mbalimbali huelewa kwamba anatakiwa kuondoa chombo motoni katika nafasi ile ndogo iliyo kati ya viwili hivyo, jambo ambalo neno “laini” peke yake, likitajwa kwa yai zima, halimwambii.

Msomaji atakuwa ametambua kwamba nimependekeza “yasigeuzwe” badala ya “usiyageuze”. Yote mawili ni sahihi. Lakini anayepokea agizo lako mezani kwa kawaida siye anayesimama jikoni, na kumwambia “usiyageuze” ni kumkataza jambo ambalo hakukusudia kulifanya. Kauli ya kutendwa inaacha agizo liende lenyewe hadi kwa anayehusika, bila kumwelekezea kidole aliye mbele yako. Mahali ambapo mpishi na mhudumu ni mtu mmoja, kama ilivyo katika vibanda vingi, “usiyageuze, tafadhali” inatosha, na ikitanguliwa na salamu na “kaka” au “dada” haina ukali wowote.

Mshangao wa mhudumu juu ya “yai bichi kidogo” nao una sababu. Kivumishi “-bichi” kinasema kwamba kitu hakijaguswa na moto, na kwa chakula kilichokwisha pikwa huwa ni lawama: wali mbichi, nyama mbichi, mkate mbichi katikati ni makosa ya mpishi. Anayeomba chakula kibichi kidogo anasikika kama anayeomba kazi ifanywe vibaya. Ukitaka kivumishi, chukua “laini”, ambacho kwa kuwa si cha asili ya Kibantu hakibadiliki: yai laini, mayai laini, kiini laini. Tofauti na hicho, “-gumu” na “-kavu” hufuata ngeli, kwa hiyo tunasema yai gumu na mayai magumu, kiini kikavu na mayai makavu. Wala usidhani kwamba “viza” ni kiwango kingine cha ulaini, kama nilivyowahi kuona likitumiwa. Yai viza ni yai lililoatamiwa likaharibika bila kuangua, na hakuna mkahawa utakaofurahi kulisikia neno hilo likitamkwa kwa sauti mbele ya wateja wengine.

Kuna pia vitenzi vitatu vinavyochanganywa. Kupiga mayai hufanyika katika bakuli kabla ya moto, hadi ute na kiini viwe kitu kimoja. Kuvuruga hufanyika katika kikaango, juu ya moto, mayai yakivunjwavunjwa yanaposhika. Anayeyataka hayo aombe “mayai ya kuvuruga”, na akipenda yawe na majimaji aongeze “yasikauke”. Kukoroga ni kazi ya uji, mchuzi na chai, na kwenye mayai halina sababu ya kuingizwa. Yaliyopigwa kisha yakaachwa yashike kama kipande kimoja bila kuvurugwa ndiyo kimanda, ambacho baadhi ya watu wa Pwani hukiita kiwanda cha mayai, na ambacho kwenye orodha za vyakula huandikwa pia omleti. Naona kimanda ni neno linalotosha kabisa, na kwamba msomaji wetu, aliyekuwa akiletewa kimanda kila siku bila kukiagiza, ana haki ya kuomba kiitwe kwa jina lake ili “mayai ya kukaanga” yapate nafasi ya kuwa kitu kingine.

Kwa yai la kuchemsha mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu desturi imekwisha amua: ni yai gumu. Linalouzwa barabarani kwa chumvi na pilipili, na linalotiwa katika urojo, lazima liwe limeganda ndani na nje, la sivyo halimenyeki wala halikatiki. Anayetaka kiini laini asiseme “yai nusu”, maana anaweza kuletewa nusu ya yai, bali ataje dakika: “Lichemshwe dakika sita, tangu litiwe katika maji yanayotokota.” Kwa dakika sita yai la ukubwa wa kawaida huwa limeshika ute na kiini kikabaki kizito chenye majimaji, kwa kumi na mbili limeganda lote. Wazee wengine husema “yai la kutokosa”, na ni Kiswahili safi, ingawa mhudumu kijana anaweza kukuomba urudie. “Yai la kuchemka” ndilo nisilolikubali, kwa kuwa kinachochemka ni maji.

Naongeza tahadhari mbili zinazowahusu zaidi wageni wa Visiwani. Anayeomba “mkate wa mayai” akitumaini kuletewa mkate uliochovywa katika mayai na kukaangwa, ataletewa keki tamu ya mayai, sukari na unga, na hapana wa kumlaumu, kwani hilo ndilo jina lake hapa. Na anayekwenda Forodhani kula mantabali, ile ambayo siku hizi inauzwa kwa jina la pizza ya Zanzibar, aseme mapema kama yai halitaki au analitaka, kwa sababu mpishi huvunja yai juu ya nyama na vitunguu na kuyachanganya papo hapo. Baada ya hapo dhamiri tegemezi haina la kufanya.

Kuhusu “nipe”, “nataka” na “naomba”, sitakawia. Yote matatu yanaeleweka, lakini kwa masikio ya Unguja na Pemba “naomba” ndilo linalofungua mlango. Katika hoteli kubwa za watalii mpishi mwenyewe husimama nyuma ya jiko na kuuliza, “Wayatakaje?” au “Unayataka vipi?”, na hapo mteja hana haja ya kuanza upya na kuomba: ajibu kwa vitenzi vyenyewe, “Yasigeuzwe, kiini kisigande.” Anayependa yageuzwe kidogo bila kupoteza ulaini atasema, “Yageuzwe mara moja tu, kiini kisipasuke.” Kama ni mawili, yawe “mayai mawili”, “yai mbili” ni lugha ya mhudumu anapopaza sauti kuelekea jikoni, na huko sina ugomvi nayo, kwani jikoni haraka ina sarufi yake, ila mteja aliyekaa kitako ana muda wa kufuata ngeli.

Na sahani ikija tofauti na ulivyosema? Hapo Kiswahili kinakupa kitenzi cha hali, kama “ganda”, ambacho kinaeleza hali ya kitu bila kumtaja aliyeisababisha. Ukisema “umekigandisha kiini”, umefungua mashitaka. Ukisema, “Samahani, dada, kiini kimeganda, naomba nikaangiwe jingine, lisikae sana motoni”, umetaja hali ya yai na unachokitaka, na mhudumu anaweza kuirudisha sahani jikoni bila yeye wala mpishi kuhisi kwamba ameshitakiwa.