Umekabidhiwa mfuko wa sadaka: namna ya kuwa mwaminifu kwa vitendo

Ndugu mleta mada, umeandika kwamba kikundi chenu cha maombi kimekuchagua uwe mweka hazina, unatunza mfuko wa sadaka na ufunguo wa chumba, na kwamba kazi yenyewe ni ndogo, haihitaji mlolongo wa karatasi kwa kuwa "Mungu anaujua moyo." Moyo wako anaujua, sawa. Wenzako hawaujui, na hesabu ni kwa ajili yao.

Luka 16:10, ule mstari wa aliye mwaminifu katika lililo dogo, tunaupenda, ila wengi huishia hapo. Endelea mpaka mstari wa 12: Yesu anazungumzia fedha, tena mali ya mtu mwingine. Halafu fungua Ezra 8. Ezra, kuhani aliyewaongoza Wayahudi kutoka Babeli kurudi Yerusalemu, aliona haya kumwomba mfalme askari wa kuwalinda njiani, kwa sababu alishasema mkono wa Mungu uko pamoja nao. Lakini mtu huyo huyo aliwapimia makuhani 12 talanta 650 za fedha (talanta ni kipimo cha uzito cha zamani) kabla ya safari, na walipofika Yerusalemu, siku ya nne, zikapimwa tena na uzani wote ukaandikwa. Imani ilitosha kuacha askari, haikutosha kuacha mizani.

Sasa kazi yenyewe. Hesabuni mkiwa wawili, na wawili hao wasitoke nyumba moja. Mume na mke hapo ni mtu mmoja. Hesabuni mahali pale pale kabla ya kuondoka, mlango ukiwa wazi. Anzeni na bahasha, moja baada ya nyingine: toa fedha, linganisha na kiasi kilichoandikwa juu, na kikitofautiana andikeni kilichomo ndani, nyote mtie saini kwenye bahasha hiyo. Bahasha msizitupe hadi hesabu za mwaka zikaguliwe.

Zinazobaki panga noti kwa thamani, uso upande mmoja, mafungu ya kumi kumi. Kila mmoja ahesabu peke yake na kuandika jumla yake bila kumtajia mwenzake. Hili la kutotajiana watu hulidharau, ila ndilo lenye maana: ukishasikia jumla ya mwenzako, macho yako yataitafuta hiyo hiyo hata kama amekosea. Zikilingana, andikeni kwa tarakimu na kwa maneno, kwa kalamu ya wino, nakala mbili, saini mbili. Ukikosea usifute, kata kwa mstari mmoja unaoacha namba ya zamani isomeke, andika sahihi pembeni, tia saini.

Zisipolingana, kabla hamjarudia yote tazameni tofauti. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, mara nyingi kuna tarakimu mbili zimepishana: aliyeandika 540 badala ya 450 ana tofauti ya 90. Ikiwa ni sawasawa na thamani ya noti moja, huenda kuna noti zilizogandamana au moja imeingia fungu lisilo lake.

Makosa yanayowaangusha waweka hazina waaminifu kabisa ni haya. La kwanza ni kulipa matumizi moja kwa moja kutoka kapuni: betri za kipaza sauti zimeisha, unachomoa noti, unanunua, unaandika kilichobaki. Stakabadhi unayo, lakini sadaka iliyoingia siku ile haitajulikana tena ilikuwa kiasi gani. Andika kwanza mapato yote, kisha matumizi kwa mstari wake. La pili ni kuchanganya fedha za makusudi tofauti. Aliyetoa kwa ajili ya wajane hakutoa kwa ajili ya viti, hata kama viti vimevunjika na wajane wanasubiri mwezi ujao.

La tatu ni kukopa "hadi kesho kutwa." Hata ukirudisha yote, kwa siku mbili daftari limesema uongo. Dawa yake ni fedha zisilale kwako: zipelekwe benki siku ya kwanza ya kazi, na hati ya benki ibanwe kwenye karatasi ya hesabu.

La nne litakushangaza: kufidia upungufu kimya kimya kutoka mfukoni mwako. Linaonekana la kiungwana, lakini linaficha tundu. Upungufu ukijirudia kila wiki, hakuna atakayejua pa kutafuta. Andika "pungufu" na kiasi chake, toa taarifa siku hiyo hiyo, ukitaka kuchangia changia waziwazi. Ziada nayo usiitunze kama akiba ya kuzibia siku mbaya, iandikwe ziada.

Mwisho wa mwezi salio la daftari lilinganishwe na taarifa ya benki na mtu asiye mhesabu, kisha taarifa isomwe mbele ya kikundi: salio la mwanzo, mapato, matumizi, salio la mwisho.

Ufunguo ni rahisi zaidi. Fahamu nakala ziko ngapi na nani anazo, fika dakika 20 kabla ya maombi, na siku usiyoweza kuja mkabidhi mtu kwa jina, usiseme "nimeuacha pale dirishani."

Mwenzako wa kuhesabu naye abadilishwe kila baada ya miezi mitatu. Akiuliza kama humwamini, msomee 2 Wakorintho 8:18-22, Paulo alivyomtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili kwa ajili ya changizo moja.