Maswali ya wasomaji: paneli ya sola iinuke kiasi gani?

SWALI: Assalaam aleykum fundi. Mimi niko Lamu, Langoni, nyumba yangu juu ni sakafu ya zege flati kabisa. Nimenunua paneli nne, sasa fundi aliekuja anasema lazima aziinue digrii 30 zitazame kusini ati ndio kipimo cha sola, na shemeji yangu alieko Ujerumani nae kanambia ivo ivo, yeye zake ni 35 kusini na anapata umeme vizuri tu. Lakini mimi jua nikiliona mchana liko utosini, nashangaa kwanini paneli isimamishwe vile. Nimfuate nani?

JIBU: Waaleykum salaam ndugu yangu. Fuata jua la kwenu. Shemejio kwake yuko sawa kabisa manake Ujerumani iko kama nyuzi 47 mpaka 55 kaskazini ya ikweta, kule jua mwaka mzima liko upande wa kusini na limeinama, ndio wanainua paneli ili ilikabili jua. Lamu iko nyuzi 2 na kidogo tu kusini ya ikweta, Malindi 3 na kidogo, hivo jua letu halikai upande mmoja. Mwezi wa 6 saa sita mchana liko kaskazini, kama nyuzi 25 kutoka utosini, mwezi wa 12 limehamia kusini kama nyuzi 21, na hapo kati, yani katikati ya mwezi wa 3 na mwisho wa mwezi wa 9, lapita juu ya kichwa chako kabisa.

Sasa chukua hiyo 30 kusini uifanyie hesabu ya mwezi wa 6. Jua liko kaskazini, paneli imelipa mgongo, mwanga unaokuja moja kwa moja kutoka kwenye jua paneli inapata kama asilimia 56 tu, na hiyo ni saa sita mchana pasipo wingu hata moja! Yani umenunua paneli nne ukatumia mbili na kidogo. Ukiziweka nyuzi 10 zikitazama kaskazini, saa hiyo hiyo unapata asilimia 96, na mwezi wa 12 jua likiwa upande wa pili bado una 85.

Na kwanini nasema kaskazini na sio kusini wakati jua linakwenda kote kote? Kwanza kwa sababu tuko kusini ya ikweta, ingawa hilo ni kidogo. Kubwa ni misimu yetu wenyewe. Wakati wa kaskazi anga iko wazi, jua kali, betri mara nyingi inajaa mapema na kontrola, kile kifaa kinacholinda betri, inaanza kukataa umeme, sasa hapo ukipoteza kidogo hujali. Shida inakuja na masika, mwezi wa 4 na wa 5, alafu kusi yenyewe ikishika, mawingu yanakuja na kwenda, siku ni fupi kidogo na ndio wakati huo huo jua liko kaskazini. Paneli ielekezwe kwenye miezi ya dhiki, hiyo ya neema itajitegemea.

Kuilaza flati kabisa pia usikubali, ata kama hesabu ya jua inaruhusu. Maji ya mvua yatasimama pale kwenye fremu, yakikauka yanaacha vumbi na chumvi ya bahari, na hawa kunguru wetu nao hawana adabu. Nyuzi 10 zinatosha mvua ioshe kioo. Kupima ni rahisi, kama paneli ina urefu wa mita 2 basi upande wa juu uwe umenyanyuka sentimita 35 kushinda wa chini. Upande wa kaskazini angalia mihrabu ya msikiti wa mtaani kwako, kutoka Lamu Makka iko karibu kaskazini sawasawa, ukikosea nyuzi tano au kumi hapo haidhuru kitu.

Jambo ambalo ningelilipia pesa zaidi kuliko pembe ni nati na bolti. Chukua za stenlesi, fremu iwe ya aluminiamu, na ifungwe imara kwenye zege manake kusi likivuma juu ya sakafu wazi halichezi. Chuma cha kawaida kwa hewa ya bahari kitaoza na paneli bado nzima. Na kwa vile uko karibu na mji wa kale, ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, waulize kwanza watu wa makumbusho kabla hujaweka kitu kinachoonekana juu ya paa.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama wa nyumba, Barani Malindi. Paa langu ni mabati, upande mmoja unatazama mawio na mwengine machweo, kaskazini hakuna kabisa. Nijenge stendi juu ya bati?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usijenge. Huku kwetu jua linapita juu sana, kwa hivo bati lenye mlalo mdogo likitazama mashariki au magharibi hasara yake ni ndogo, na stendi ndefu juu ya bati ni kukaribisha upepo na matundu ya kuvuja. Weka nusu huku nusu kule, utapata umeme mapema asubuhi na tena mpaka jioni, kwa mwenye friji hiyo ni nzuri sana. Ila mwambie fundi asiziunge paneli za pande mbili kwa mfululizo kwenye waya mmoja, kwa sababu kwenye mfululizo ile dhaifu ndio inaamua zote, kila upande uwe na laini yake. Na fundi mwenyewe awe na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, muulize akuonyeshe, si aibu.

Alafu acha nafasi ya hewa kati ya bati na paneli, sentimita 10 hadi 15. Paneli hupimwa kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi inayozidi inapoteza kama asilimia 0.3 mpaka 0.4. Juu ya bati la Malindi mchana paneli inaweza kufika 60, sasa hapo umepoteza zaidi ya asilimia 10 kwa joto tu, na hakuna pembe itakayokurudishia.

SWALI: Niko Shela, Lamu. Nataka stendi ya kugeuza, kaskazini wakati wa kusi na kusini wakati wa kaskazi. Inafaa? Na naweza kuweka juu ya makuti?

JIBU: Kugeuza kunaongeza, lakini angalia kunaongeza lini. Mwezi wa 6 ukiinua kutoka nyuzi 10 hadi 20 unapata kama asilimia 3 zaidi mchana, faida kubwa inakuja mwezi wa 12 ambapo umeme ushakuzidi. Hiyo pesa ya stendi nunua paneli moja zaidi. Juu ya makuti hapana, mlalo ni mkali mno, waya ikipata hitilafu makuti hayangoji, na siku ya kuezeka upya itabidi ufungue kila kitu. Simamisha nguzo uani.

Lakini kabla ya kuchimba, simama hapo uani saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa uangalie kivuli cha minazi. Paneli nyingi zimegawanywa mafungu matatu ndani, kuti moja likitia kivuli fungu moja theluthi ya paneli imekwenda. Na angalia tena mwezi wa 6, kivuli cha mchana kitakuwa kimehamia upande wa pili.